Nilimfokea mwongozaji wa Udzungwa kwa sababu ya saa. Tuzungumzie safari za siku moja milimani

#1 Mama Shukuru (Mbagala)

Habari za jioni wakuu. Mimi huwa napita na kusoma tu, si mtu wa kuanzisha nyuzi. Lakini kuna jambo limenikaa moyoni tangu Novemba, na nimeona nilitue hapa, kwa sababu matangazo ya safari za siku moja kwenda Maporomoko ya Sanje yanazidi kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na watu watalipa hela zao bila kujua wanachonunua.

Sisi ni kikoba cha akina mama, tuko kumi na wanne. Baada ya kuvunja kikoba tulikubaliana hela safari hii zisiishie zote kwenye mabati na vitenge, twende tukaione nchi yetu. Mmoja wetu akaletewa tangazo: kutoka Dar alfajiri, Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, kurudi usiku uleule. Picha ya maji meupe yanashuka katikati ya msitu. Tukalipa. Mratibu simtaji, sikuja kumchafua mtu.

Tuliambiwa Coaster inaondoka saa kumi alfajiri. Tuliondoka saa kumi na moja na nusu, maana kuna waliosubiriwa. Chalinze foleni. Morogoro chai. Mikumi kila mtu anataka picha ya twiga. Pale Mikumi mjini unaiacha barabara ya Iringa, unashika ya Ifakara, unavuka Ruaha pale Kidatu, kisha ni miwa kulia na kushoto mpaka macho yanachoka. Kutoka Dar ni karibu kilomita 370. Mkifika Sanje, ukiinua macho kulia unauona mlima, na katikati ya kijani maji yamening'inia kama uzi mweupe. Gari zima lilipiga vigelegele.

Lakini Sanje mnaipita kwanza. Mnaenda Mang'ula yaliko makao makuu ya hifadhi, mnajisajili, ndipo mnarudi nyuma kama kilomita kumi kuanza kupanda. Tulifika Mang'ula saa nane kasorobo. Mratibu amebeba hela taslimu, getini hawapokei taslimu, ni kontrol namba, ile namba ya malipo unayolipia kwa simu. Tukakaa kwenye benchi.

Ndipo akaja mwongozaji. Kijana wa miaka thelathini hivi, buti zimekwisha rangi, fimbo mkononi. Akasema "Shikamooni mama zangu", na kabla hatujamaliza kuitikia macho yake yalishuka miguuni kwetu. Alipita mmoja mmoja. Makobazi, raba laini, mwenzetu mmoja viatu vya kanisani. Mimi nilivaa ndala za ngozi, nzuri tu, za kutembelea. Akaangalia saa, akaangalia juu mlimani kulikokuwa na wingu, akasema: "Mama zangu, Sanje leo hapana. Nitawapeleka maporomoko ya karibu."

Wakuu, niliwaka. Nilikuwa mweka hazina, hela za wenzangu zilipita mikononi mwangu. Nilimwambia yeye ni mtoto wa kumzaa, hawezi kutupangia. Kisha nikasema neno baya zaidi, kwamba anatafuta kitu kidogo ndipo afungue njia. Nililisema kwa sauti, mbele ya watu.

Hakupandisha sauti. Alijibu: "Mama, ninyi mnahesabu saa ya kupanda. Mimi nahesabu saa ya kushuka." Akaeleza kwamba kundi linalotembea vizuri huchukua kama saa nne kwenda na kurudi. Sasa ni saa nane na nusu. Tuko kumi na wanne, kwa viatu hivi. Na ndani ya msitu giza haliingii pamoja na la nje.

Tukaenda maporomoko ya Prince Bernhard, ambayo yako karibu tu na makao makuu. Nilinuna njia nzima. Katikati ya njia akasimama, akainua mkono, vidole vimetawanyika. Tukanyamaza. Kwa muda sikusikia kitu ila maji kwa mbali. Halafu ikaja sauti nzito, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde, ikafuatiwa na mlio wa kugugumia. Akainama, akaokota ganda la mbegu chini ya majani, akaniwekea mimi kiganjani. Lilikuwa na alama za meno na bado lina unyevu wa mate. Alisema nyani hao walikaa hapa muda si mrefu, na aina hii duniani kote wako Udzungwa tu. Nilikuwa nimelishika lile ganda na bado nimekasirika, na sijui kwa nini alinichagua mimi.

Saa kumi mvua ikashuka, mvua ya mlimani isiyoanza kwa manyunyu. Njia ikawa uji. Mwenzetu akateleza sehemu ambayo ni tambarare kabisa, kifundo cha mguu kikavimba palepale. Yule kijana alimbeba mgongoni mpaka getini, mama wa kilo themanini na kitu. Tulipofika nje kulikuwa na mwanga bado. Nikageuka nyuma kuangalia tulikotoka, ndani ya miti palikuwa peusi. Saa zangu zilisema kumi na mbili kasoro. Kama tungemshinda kwa kelele, muda huo tungekuwa juu ya Sanje, kwa ndala.

Tuliondoka bila kumwomba radhi. Gari lilikuwa linapiga honi.

Naomba wanaojua watueleze: safari ya siku moja milimani inapaswa kupangwaje? Na mwongozaji ana mamlaka gani? Niwe mkweli, mimi nilidhani ni mtu wa kuonyesha njia tu.

#2 Mzalendo wa Msamvu

Pole mama kwa mgonjwa wenu. Lakini mimi nitasema tofauti kidogo. Hifadhi ni za Watanzania. Mtu amefunga safari kutoka Mbagala, amelipa, anafika anaambiwa leo hapana? Basi hayo maneno yaandikwe kwenye tangazo, yaandikwe getini kwa herufi kubwa: ukifika baada ya saa fulani hupandi Sanje. Isiwe ni utashi wa mtu mmoja mwenye fimbo. Leo umempata mwema, kesho utampata mvivu anayetaka kwenda nyumbani mapema, na wote watakuambia "wingu".

Na hili la kulazimishwa mwongozaji kwenye njia fupi silielewi. Mimi nimezaliwa chini ya Uluguru, tangu mtoto napanda mlima kutafuta mapera, sijaongozwa na mtu.

#3 Mwana Kilombero

Mama Shukuru, nakushukuru kwa kuandika. Mimi ni mzaliwa wa hapa Mang'ula, na huyo kijana unayemweleza naweza kuwa namfahamu, ila sitasema.

Mkuu wa Msamvu, nikujibu la mwongozaji kwanza. Udzungwa haina barabara za magari ndani. Ni hifadhi ya miguu. Mikumi ukikutana na tembo uko ndani ya bati, hapa mnakutana wote mko chini, njia ina upana wa mtu mmoja, na majani yamefunga kushoto na kulia. Tembo wetu hawaonekani kirahisi, ila wapo kweli. Usiku wanashuka mpaka kwenye mipunga na migomba, ndiyo maana utaona mashamba ya pembeni yamezungushiwa uzio wa mizinga ya nyuki: tembo akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, tembo anageuka. Nyati wapo pia. Mwongozaji anasoma kinyesi, anajua ni cha jana au cha asubuhi hii. Wewe wa Uluguru utakisoma?

La pili ni zito kwangu. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1992, kilomita za mraba 1,990. Mimi nilikuwa mdogo. Mama yangu alikuwa akiingia msituni kwa ruhusa, siku maalumu ya wiki, kuokota kuni zilizoanguka. Si kukata, kuokota. Wanawake walikuwa wanatoka na mizigo kichwani wanaimba. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011, kwa sababu msitu ulikuwa unachoka na wengine walikuwa wanaingia na mapanga kwa jina la kuni. Nyumbani tukaanza kupanda miti yetu, majiko ya kubana matumizi yakaja, pumba za mpunga zikaanza kutumika. Haikuwa rahisi. Mama yangu mpaka leo akipita barabarani anaangalia kule juu anataja vijito kwa majina kama mtu anayetaja wajukuu.

Nayasema haya kwa sababu mgeni anayekuja siku moja anapita mbele ya watu walioacha kitu ili yeye akute msitu. Mkitoka Dar na chakula kwenye ndoo, maji kwenye katoni, mratibu wa Dar, dereva wa Dar, mnatukuta na kutuacha vilevile. Laleni hapa usiku mmoja. Nyumba za wageni zipo, za bei ya kawaida kabisa. Mle wali wa Kilombero ukiwa umepikwa Kilombero. Jirani yangu atauza ndizi, na wewe saa kumi na mbili na nusu asubuhi utakuwa getini umeamka vizuri.

#4 Mwalimu wa Viumbe

Uzi mzuri. Niongeze kuhusu hiyo sauti aliyoisikia Mama Shukuru, maana nahisi hakuambiwa amebahatika kiasi gani.

Anaitwa ngolaga wa Sanje. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, na walianza kwa kusikia mlio kabla ya kumwona, wakashangaa mlio huo unafanya nini katika milima hii. Wenyeji walikuwa wanamjua siku zote na walikuwa na jina lake. Anaishi katika misitu miwili tu, yote ya Udzungwa: Mwanihana, ambao ndio mnaoingia kutokea Mang'ula na Sanje, na ule wa upande wa kusini magharibi mwa milima. Hakuna kwingine. Anakula sana chini, anafukua majani makavu kutafuta mbegu na wadudu, ndiyo maana mwongozaji aliokota ganda ardhini badala ya kuangalia juu.

Juu angalieni mbega mwekundu wa Iringa, naye ni wa milima hii. Ana kofia nyekundu kichwani kama amevishwa, na akiruka kutoka mti hadi mti tawi zima linalia. Kuna mbega mweusi mwenye mabega meupe, kima, nyani wa njano, na usiku komba. Mwaka 2008 ikatangazwa aina mpya ya sange, yule mnyama mwenye pua ndefu kama mkonga mdogo, uso wa kijivu, karibu gramu 700, mkubwa kuliko sange wote wanaojulikana. Mwaka 2008, wakuu! Si karne iliyopita.

Sababu ya haya yote ni umri na unyevu. Milima hii ni ya ule mlolongo wa Tao la Mashariki, unaoanzia Taita kule Kenya, unapita Pare, Usambara, Nguru, Uluguru, mpaka hapa. Upepo kutoka Bahari ya Hindi unaleta mvua, na misitu imekuwepo kwa mamilioni ya miaka hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Viumbe wakabaki kama watu waliojifungia kisiwani. Na Udzungwa ina jambo ambalo limebaki sehemu chache sana: msitu unaoanza bondeni, mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari, na kupanda bila kukatika mpaka zaidi ya mita 2,000. Kilele cha Luhombero kinapita mita 2,500.

Ninapopeleka wanafunzi huwa nawaambia neno moja tu: mkiongea, mmelipia kuona miti.

#5 Dada Nuru

Jamani mimi nina maswali ya kawaida. Nataka kwenda na mwanangu wa miaka tisa na mdogo wangu mwenye pumu. Inawezekana? Na nibebe nini? Na huko juu kuna sehemu ya kuogelea kweli au ni picha za mitandaoni?

#6 Miguu Miwili

Nimefanya kazi ya kuongoza watu milimani miaka kumi na mmoja, kaskazini kwanza, baadaye kusini. Mama Shukuru, nimesoma bandiko lako mara mbili. Sisi tunafokewa mara nyingi. Mara chache mtu anarudi kulisema.

Nieleze kazi inavyofanyika kwa ndani, na hapohapo nitakuwa nimemjibu mkuu wa Msamvu.

Mwongozaji hahesabu kundi, anahesabu mtu mmoja: aliye wa mwisho. Kundi la watu kumi na wanne lina mwendo wa mtu mmoja. Ukiwapokea getini unaanza kumtafuta huyo mtu kabla hamjaondoka. Ndiyo maana anaangalia viatu. Ataangalia pia nani anahema kwa kupanda ngazi tatu za ofisini, nani amebeba mkoba wa begani badala ya wa mgongoni, nani hajanywa maji. Akishampata, anamweka mbele ya wengine, nyuma yake yeye mwenyewe. Ukiona kundi ambalo wenye nguvu wako mbele wanacheka na mmoja yuko nyuma peke yake, kundi hilo halina mwongozaji hata kama yupo.

Kisha anaweka saa ya kugeuka. Saa hiyo haibadiliki kwa sababu "tumebakiza kidogo". Watu wengi hawaumii wakipanda. Kupanda kunachosha mapafu, na mapafu yanapona ukikaa. Kushuka kunakula magoti na vidole, na mtu aliyechoka haweki mguu, anauangusha. Mizizi yenye mvua ni kama sabuni. Mkishuka Sanje pinda magoti kidogo, hatua fupi, mguu kwa ubavu kwenye mteremko mkali, fimbo itangulie. Usishike mti bila kuuangalia, ipo yenye miiba, na upo unaopandwa na siafu.

Dada Nuru: mtoto wa miaka tisa aliyezoea kutembea anaweza, waulize hifadhi mapema kuhusu umri na njia. Mdogo wako amwone daktari kwanza, dawa ya kuvuta iwe mfukoni mwake yeye, siyo kwenye begi la mtu aliyetangulia, na mwongozaji aambiwe getini. Watu wanaficha ugonjwa wakiogopa kuzuiwa. Mimi nikijua nitapunguza mwendo, nisipojua nitakubeba.

Vitu: viatu vilivyofunga kifundo na vyenye meno, ambavyo umeshavivaa nyumbani wiki mbili. Soksi ndefu, suruali iingizwe ndani ya soksi kwa ajili ya siafu na kupe. Maji lita mbili kwa mtu. Koti la mvua hata kama ni Agosti. Karanga, ndizi, chapati, kitu cha chumvi. Mfuko wa plastiki acha, umepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019, na msituni ni aibu zaidi. Vua vidani vinavyolia.

Kuogelea ni kweli. Sanje inashuka kwa hatua tatu, jumla kama mita 170, na kati yake kuna mabwawa. Maji ni baridi ya kukata pumzi. Ingia pale unapoonyeshwa tu, kwa kukaa na kuteleza taratibu, usiruke. Usikaribie ukingo wa juu kwa ajili ya picha: jiwe linaloonekana kavu lina utando wa kijani. Ukisimama sehemu ya kutazamia unaona bonde lote la Kilombero, miwa imekatwa miraba, na reli. Hapo ndipo watu hunyamaza wenyewe.

Kwa kulinganisha, wanaouliza Kilimanjaro ya siku moja: Marangu mpaka vibanda vya Mandara ni kama kilomita nane kwenda, msitu mtupu, mnafika mita 2,700 na ushei, halafu mnatembea dakika chache mpaka kreta ya Maundi. Njia ni laini kuliko Sanje, lakini kichwa kinaweza kuuma kwa sababu ya mwinuko, na kikiuma unashuka, hujadiliani nacho. Hifadhi ya Arusha, chini ya Meru, mnatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Kila mlima una sababu yake ya kutokwenda peke yako.

Mkuu wa Msamvu, kwenye jambo moja nakubaliana nawe kabisa. Saa ya mwisho ya kuanza kupanda iandikwe kwenye tangazo. Mratibu anaijua. Akiificha anauza kitu ambacho hana.

#7 Bwana Reli

Kabla hamjasahau, Mang'ula ina stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Reli ilijengwa 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, na kipande cha Dar hadi Kilombero kinapita ndani ya pori, unaona wanyama dirishani bila kulipia kiingilio cha hifadhi. Treni ya kawaida imekuwa ikisimama Mang'ula. Ulizeni ratiba stesheni yenyewe na mjipe siku za ziada, haina haraka na wakati mwingine haina uhakika. Mwenye haraka apande SGR, ile treni ya umeme, mpaka Morogoro, kisha mabasi ya Ifakara pale stendi ya Msamvu.

Mimi nilishuka Mang'ula usiku nikiwa na umri wa miaka kumi na tisa, nikalala stesheni kwenye begi langu. Kulipokucha mlima ulikuwa umesimama juu yangu. Sikuwa nimeambiwa kwamba upo karibu hivyo.

#8 Mzalendo wa Msamvu

Mkuu Miguu Miwili, hilo la mtu wa mwisho nimelielewa, na limenigusa kwa sababu za kwangu. Mwaka juzi tulipanda Uluguru vijana sita, mmoja wetu tulimwacha nyuma tukijua atatukuta. Tulimpata saa tatu usiku, amekaa chini ya mti, anatetemeka, hakutuongelesha mpaka tumefika nyumbani. Tukaendelea kuwa marafiki lakini hajapanda tena na sisi.

Nabaki na hoja yangu ya uwazi. Bei ziandikwe, saa ziandikwe, jina la mwongozaji liandikwe kwenye risiti ili mtu ajue anamlalamikia nani, au anamshukuru nani.

#9 Mwana Kilombero

Hilo la jina kwenye risiti naliunga mkono. Vijana wetu wangependa.

Na bahashishi, kwa kuwa hakuna aliyeuliza: hailazimishwi. Ila ukimpa, mpe mkononi, usimpe mratibu amfikishie.

#10 Dada Nuru

Ahsanteni sana. Daktari amemruhusu mdogo wangu, kwa masharti. Tumepanga kwenda likizo ya mwezi wa sita, tutalala Mang'ula siku mbili. Mama Shukuru, mimi ningekuwa wewe ningerudi.

#11 Mama Shukuru (Mbagala)

Nimerudi, wakuu. Nimerudi kwenye uzi, na nimerudi Udzungwa.

Tulikwenda wiki iliyopita, Julai, mvua hakuna. Safari hii tulikuwa saba, wengine magoti yamekataa na wakasema ukweli. Hatukutumia mratibu. Tulipanda SGR mpaka Morogoro, basi la Ifakara, tukashuka Mang'ula jioni. Tulikula kwa mama mmoja karibu na stendi, wali, kambale na mchicha. Aliposikia tunapanda Sanje kesho alituuliza mtalala saa ngapi, akatufukuza kwa upole tukalale.

Asubuhi saa moja kasoro tulikuwa getini, kontrol namba imeshalipwa kwa simu. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa nimeyasema kwenye treni kimoyomoyo, kwenye basi, kitandani. Nilimwomba ofisa kwa upole kama yule kijana yupo, tukamweleza, wakaniambia yupo, anakuja.

Akaja na fimbo zile, amezibeba kama kuni. "Shikamooni mama zangu." Macho yakashuka miguuni. Akapita mmoja mmoja kama siku ile. Alipofika kwangu alisimama kidogo zaidi. Nilikuwa nimevaa buti za mtumba za soko la Karume, nimezivaa wiki tatu kwenda sokoni mpaka watu wa mtaani wakazoea.

Nikamwambia: "Mwanangu, mimi ndiye niliyekutukana Novemba. Nilikusingizia jambo baya mbele ya watu. Nimekuja kukuomba radhi, na hawa wenzangu walisikia siku ile, nataka wasikie na leo."

Alikaa kimya. Akasema, "Yule mama wa mguu anaendeleaje?" Nikamwambia amepona, anauza chapati zake, amekutumia hizi. Alipokea kifurushi kwa mikono miwili, akakiweka kwenye begi lake juu kabisa, kisha akanichagulia fimbo. Aliipima kwenye nyonga yangu, akairudisha, akanipa nyingine fupi kidogo.

Aliniweka mbele, nyuma yake. Nikaelewa maana yake, baada ya yale aliyoandika Miguu Miwili, na sikuona vibaya.

Tulipumzika mara sita. Tulisikia mbega wekundu wakivunja matawi, tukawaona wanne, mmoja na mtoto tumboni. Ngolaga hatukumsikia. Saa nne na dakika kumi tulikuwa kwenye bwawa la kati, maji yanashuka nyuma yetu, ukungu wake unalowesha uso bila kuugusa. Wenzangu waliingia na kanga. Mimi niliweka miguu tu, nikaangalia chini: barabara tuliyopita na Coaster ilikuwa kama kamba nyembamba katikati ya miwa, na gari moja lilikuwa linapita, dogo kama punje, labda limejaa watu wanaonyoosha vidole huku juu.

Mmoja wetu alitaka tupande mpaka hatua ya juu kabisa. Kijana aliangalia saa, akaangalia miguu ya yule mama aliyekuwa amevua viatu na kusugua kisigino, akasema, "Hapa tunageuka."

Tukafunga kamba za viatu.

Dada Nuru, kama bado hujaenda, ukienda nisalimie yule kijana, na mtoto mnunulie soksi ndefu.

#12 Dada Nuru

Mama Shukuru, tulishakwenda, Juni ileile. Mdogo wangu alifika bwawa la kati bila kutumia dawa hata mara moja. Mwanangu ndiye aliyeona sange, sisi wote tulikuwa tunaangalia juu. Picha haikutoka, alikimbia, ila amemchora na mchoro uko mlangoni kwangu.